Mlembe wa Ilindilo

Spika ilikuwa imezimwa. Kruti aliizima mwenyewe kwa kidole gumba, akaiona taa yake ya bluu ikifa, akaitia mfukoni mwa koti, na bado kwa muda kidogo sauti iliendelea kutoka humo mfukoni: cha-cha-cha-cha, kama mtu anayetikisa kiberiti. Akadhani ni betri. Binadamu ni hodari sana wa kudhani ni betri. Aliigusa juu ya kitambaa, ikanyamaza, naye akaharakisha kumfuata mumewe.

Safari yenyewe haikuwa ya kwake hata kidogo. Ilikuwa ya Nishant, mwenye duka la rejareja pale Tabora mjini, duka la babu yake, la mishumaa, viberiti, sukari, sabuni na betri za redio. Nishant alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi cha heshima na wazimu mmoja tu: ndege. Likizo ikifika, wenzake wanakwenda Mwanza kula sato, yeye anaingia porini na darubini, anarudi na mbung'o wamemtafuna mgongo mzima, anacheka. Kruti alizoea kumtania kwamba angeoa korongo wangesikilizana zaidi. Lakini alimpenda, na alipenda hata ule usumbufu wake wa kila siku wa kuuliza, "Kruti, miwani yangu umeiona?" ilhali ameivaa juu ya kichwa. Jibu lilikuwa moja miaka yote: "Iko utosini." Nishant anapapasa, anaipata, anashangaa kama mara ya kwanza.

Mwaka huu, sikukuu ya Nane Nane ilipokaribia, walifunga duka siku nne wakaenda Ipole, na kutoka Ipole wakapelekwa na mrina asali mmoja aitwaye Adriano hadi kwenye maji ya Ugalla, kisha kwa mtumbwi hadi kisiwani. Kisiwa ni kidogo, kimezungukwa na matete, na hakina mtu. Wanyamwezi wa huko wanakiita Ilindilo, mahali pa kungojea.

Adriano alikuwa mtu wa makamo, mkavu, asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza, Nishant alipotoa ile spika ndogo anayotumia kuwaita ndege kwa sauti zao zilizorekodiwa, Adriano aliacha kufunga hema.

"Bosi, hiyo hapana. Hapa hatupigi mluzi, na hatumwiti ndege yeyote."

"Kwa nini, Mzee Adriano?"

"Zamani misafara ya pembe ikipita kwenda Bagamoyo, mpagazi akizidiwa na ugonjwa alikuwa anaachwa hapa. Anaambiwa, wewe ngoja, tukirudi tutakuita. Basi wakawa wanangoja."

"Waliitwa?" aliuliza Kruti.

"Nani arudi, dada? Mzigo ulipata bega jingine, safari ikaendelea. Sasa ukiita hapa, wapo wanaodhani wameitwa wao." Akavuta kamba ya hema, akaongeza, "Mlembe, yule ndege wa asali, akija mwenyewe akakuongoza kwenye nyuki, sawa, mfuate. Ila sega la kwanza ni lake. Usipomwachia sega..."

"Atanipeleka kwa simba," Nishant alimalizia akicheka, maana hilo analijua kila mtoto aliyezaliwa Tabora.

"Wa huku hakupeleki kwa simba," alisema Adriano, akarudi kwenye kamba zake.

Nishant ni mtu wa kusikia la mkuu. Aliizima spika, akamkabidhi mkewe aiweke kwenye begi. Lakini usoni alinyong'onyea. Kwa miaka kumi na tano alikuwa akitafuta picha moja tu, ya mlembe anapomwongoza mtu, mkia umefunuka, mdomo wazi. Na kesho yake alikuwa anatimiza miaka arobaini na tano.

Ndiyo maana Kruti aliita. Asubuhi, Nishant akiwa ameinama anafunga viatu, Adriano yuko mtoni na sufuria, mwanamke yule alijitenga nyuma ya kichuguu, akaminya kitufe, akamwita mlembe mara moja. Mara moja tu, kwa mapenzi. Alitaka kumpa mumewe zawadi isiyouzwa dukani, na alitaka Nishant adhani ndege amekuja mwenyewe, kwa bahati yake.

Ndege alikuja. Alitua tawi la karibu, mdogo, wa rangi ya majivu, akaanza kelele zake za kiberiti, akaruka mti wa pili, akangoja, akaruka wa tatu. Nishant alimfuata huku machozi yanamtoka, anapiga picha, ananong'ona Kigujarati na Kiswahili kwa pamoja. Walifika kwenye mti mkubwa wenye tundu, nyuki wanaingia na kutoka. Chini ya mti mawe yalikuwa yamepangwa kwa urefu wa mtu aliyelala, na nyasi zilikuwa zimeyameza nusu.

Adriano aliwakuta pale akihema. Alichomoa shoka.

"Hapana, Mzee," Nishant alimzuia kwa mkono. "Hii ni hifadhi. Sisi ni watazamaji tu, tunaacha kila kitu kama tulivyokikuta."

"Bosi, kipande tu. Cha kiganja."

"Tukishakata, tuna tofauti gani na majangili? Nimeapa na wenzangu wa ndege: hatugusi."

Adriano alimgeukia Kruti. "Dada, msemeshe mumeo. Huyu kaja mwenyewe, au mmemwita?"

Kruti alijua jibu. Aliutazama uso wa mumewe uliokuwa unang'aa kwa furaha, akaona aibu kuiharibu zawadi hata kabla haijapoa. "Kaja mwenyewe," alisema.

Mlembe alinyamaza. Alikaa kwenye tawi, kichwa upande, akiwatazama wakiondoka, na hakuwafuata.

*

Wiki ya kwanza mjini haikuwa na tatizo, isipokuwa mishumaa. Mteja alirudisha paketi akilalamika kwamba imeliwa na panya. Kruti aliitazama. Mishumaa ilikuwa imetafunwa kweli, lakini alama zilikuwa za meno mapana, ya mtu. Akafungua boksi zima. Yote ilikuwa hivyo, na utambi umebaki umelala kama mfupa wa samaki.

Kisha ikaja sauti. Saa saba mchana, jua limesimama, wateja wamekwenda kula, ndani ya duka kukawa na mtu anatikisa kiberiti. Kruti alifikiri ni Nishant. Nishant alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, uso ameuelekeza upande wa barabara ya Sikonge, ile ya kwenda Ipole.

"Unasikia?" alimwuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Nasikia nini?"

"Ananiita. Anataka nimfuate, yule."

"Nani, Nishant?"

Nishant alifikiri sana, kama mtu aliyeulizwa jina la jirani wa zamani. "Sijui. Lakini nimemngojesha sana."

Tangu siku hiyo mume alianza kupungua. Kitambi kilikwenda. Chakula hakigusi, lakini midomo yake ilikuwa inang'aa nta. Akawa hazungumzi isipokuwa akiulizwa, na akiulizwa anajibu kwa kuchelewa, kama maneno yanatoka mbali na yanapanda kilima. Hospitali walipima damu: malaria hakuna, sukari hakuna, presha ya kijana. Kruti aliwasha taa ya samli mbele ya miungu wa nyumbani, akaomba kwa Kigujarati, akaomba tena kwa Kiswahili, kwa kuwa hakujua huyo aliyeingia anaelewa lugha gani. Harufu ya moshi wa kurinia asali ilikuwa imejaa chumba kizima, na hakuna aliyewasha moshi.

Alimpigia Adriano. Adriano alimwelekeza mtaa wa Ng'ambo kwa dada yake, Josepha, ambaye asubuhi anauza chapati na mchana ni mfumu, mganga kama walivyokuwa mama yake na bibi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mweke hapo kwenye mkeka." Josepha alikuwa mnene, mcheshi, mikono ina unga. Alimnusa Nishant utosini, na ucheshi ukamtoka. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kule Ilindilo, nani aliita?"

"Hakuna," alisema Nishant, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu. "Alikuja mwenyewe. Siku yangu ya kuzaliwa."

"Ni kweli, mwanangu?" Josepha alimwuliza Kruti. "Dawa ya aliyefuatwa ni mbali na dawa ya aliyeita. Usinifiche."

Hapo ndipo ilipokuwa njia, pana kabisa, ya kutokea. Kruti alifungua mdomo. Aliliona lile tabasamu, kitu pekee cha mumewe kilichokuwa kimebaki usoni, akaona haya, akaogopa, akasema, "Ni kweli."

Siku saba Josepha alimfukiza, akamwogesha kwa majani, akamfunga uzi kiunoni. Siku ya nane, saa saba mchana, Nishant alibeba begani gunia zima la sukari, kilo hamsini, mtu ambaye ndoo ya maji ilikuwa inamshinda, akatoka peku kushika barabara ya Sikonge. Vijana wa bodaboda walimpigia kelele, "Bosi, punda wamegoma?" wakacheka. Walipomwona anapita kibao cha mwisho wa mji bila kugeuka, jasho hana, miguu inakwenda kwa mwendo mmoja, waliacha kucheka wakaenda kumrudisha. Walihitajika wanne.

Jioni ile Kruti alipiga magoti kwenye unga wa Josepha akasema yote: kichuguu, kitufe, zawadi.

Josepha hakumgombeza. Ingekuwa nafuu. "Siku saba namtibu asiye na kosa," alisema polepole. "Na siku hizo yule alikuwa anapata nafasi." Akafuta mikono. "Aliyeita ndiye arudishe. Kachukue sega zima, la nyuki wakali, nenda nalo palepale. Mwite kama ulivyomwita. Liweke juu ya mawe, useme, hili ni lako, mimi si wa msafara. Halafu geuka, uondoke. Utasikia sauti. Ni jini huyo, atakuita kwa sauti ya mtu wako. Usigeuke, usijibu, mpaka uvuke maji."

"Na nikigeuka?"

"Mtabaki wote."

*

Walikwenda wawili, yeye na Adriano. Nishant alibaki Ng'ambo kwa Josepha, amefungwa kwa kanga kitandani, macho kwenye dari.

Ilindilo ilikuwa kimya. Adriano alibaki mtumbwini. Kruti alitembea peke yake hadi kwenye mti, sega kwenye sinia, asali inamchuruzika mikononi mpaka viwiko, akaminya kitufe, na ile cha-cha-cha ikatoka ikazunguka kisiwa na kurudi. Hakuja ndege. Aliliweka sega juu ya mawe. Alisema maneno aliyoagizwa. Aligeuka.

Hatua kumi za mwanzo hakusikia kitu, na alipofika ya ishirini alianza kutumaini, halafu nyuma yake, karibu na mti, nyasi zikasogea kama mtu anayeamka kutoka usingizini, na sauti ya Nishant, si ya kutisha, si ya kulia, sauti yake ya kila siku ya asubuhi kabla ya chai, ikasema, "Kruti?" naye akaendelea kutembea, akijiambia ni jini, ameambiwa ni jini, akikaza macho kwenye mtumbwi na kofia ya Adriano, na sauti ikaja nyuma yake bila haraka, "Kruti, unakwenda wapi?" naye akakimbia, matete yakimkata miguu, asali imeshika nywele zake, akajitupa mtumbwini na Adriano akasukuma, na walipokuwa wameacha ukingo kwa urefu wa pondo mbili, sauti ikasimama pale pale majini walipotoka, ikauliza kwa unyonge, kama mtu aliyepotelewa na kitu kidogo tu, "Kruti, miwani yangu umeiona?"

Jibu lilimfika kwenye meno. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akaonja asali, akalia, hakugeuka.

"Umeweza, dada," alinong'ona Adriano akipiga kasia. "Umeweza."

Walipofika Ng'ambo, Nishant alikuwa ameketi mkekani anakunywa uji. Kanga zilikuwa zimefunguliwa. Alimtazama mkewe akatabasamu, akasema sauti ikiwa safi, "Umerudi." Josepha alikuwa anapiga vigelegele. Kruti alimwangukia mumewe shingoni akacheka mpaka kifua kikamuuma.

Wiki mbili alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Tabora. Nishant alikula, alipata nguvu, akafungua duka mapema, akabeba mizigo mwenyewe bila kuita kuli. Darubini hakuigusa, naye Kruti hakumlaumu. Alisema ndege hawana maana kwake tena.

Jumapili moja alikuwa anapanga kabati la chumbani akakuta miwani. Ilikuwa kwenye kasha lake, ina vumbi. Alihesabu nyuma akakosa siku hata moja, tangu Ng'ambo, aliyoulizwa ilipo. Aliichukua akaenda nayo dukani. Nishant alikuwa anasoma maandishi madogo kabisa ya chini ya paketi ya sabuni, mbali na uso, bila taabu.

"Miwani yako," alisema Kruti.

Mume aliipokea kwa adabu, akaigeuza mkononi, akatazama kioo, akatazama vishikio vyake vya waya. Alikuwa hajui inavaliwa upande gani. "Asante," alisema, akaiweka juu ya kaunta. Bega lake la kushoto, shati lilipovutika, lilikuwa na sugu ngumu, nyeusi, ya miaka mingi ya kubeba mzigo.

Kruti alitoka bila viatu mpaka Ng'ambo. Josepha alikuwa anasukuma chapati.

"Mama, ile sauti ya kisiwani," alisema akihema. "Jini anaweza kujua maneno ya ndani ya nyumba? Maneno ya watu wawili tu?"

"Jini anachukua sauti," alisema Josepha. "Sauti tu, mwanangu. Maneno ya ndani hana, hata akimwingia mtu. Kwani ilikuambia nini?"

Kruti alimwambia.

Kijiti cha kusukumia kilisimama. Josepha aliinamisha kichwa. "Laiti ungeniambia siku ile ya kwanza," alisema. "Siku ile ya kwanza wote wawili, yeye na yule, walikuwa bado humu kifuani mwa mumeo. Aliyekuita kisiwani alikuwa yeye, na mimi ndiye niliyekuambia usigeuke. Nisamehe." Naye akalia, mfumu mzima, juu ya unga.

Kruti na Adriano walirudi Ilindilo mara tatu. Kruti aliita kwa spika, akaita kwa mdomo, akaita mpaka sauti ikakauka. Alilala kifudifudi juu ya yale mawe, ambayo sasa yalikuwa yameondolewa nyasi na kupangwa upya, safi, nafasi mbili za kulala, sambamba. Hakuna aliyejibu. Mara ya tatu Adriano alimbeba mtumbwini kwa nguvu, akasema hatamleta tena, na akatimiza.

Duka liko wazi mpaka leo. Wateja wanamsifia Nishant kwamba siku hizi ana mwili wa kazi. Anamwita mkewe kwa upole, hajawahi kumwinulia mkono. Jioni anakula kipande cha mshumaa, taratibu, kama mtu mwingine anavyokula karanga. Kruti alimwuliza mara moja tu, kwa kunong'ona, "Wewe ni nani?" Alifikiri. "Nilikuwa nimeugua," alisema. "Waliniambia ningoje. Wewe ukaniita." Kisha akamshukuru, na shukrani ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lilimvunja Kruti kuliko yote, kwa sababu hakuweza hata kumchukia.

Spika iko kwenye droo ya kaunta, haina betri. Saa saba mchana, wateja wakiwa wamekwenda kula, mwanamume yule husimama mlangoni akitazama barabara, na Kruti huifungua droo kidogo, akainamisha sikio. Siku nyingi haina kitu. Siku nyingine inasikika kwa mbali, ikiwa na upepo wa matete ndani yake, ile sauti ya asubuhi kabla ya chai.

"Kruti, miwani yangu umeiona?"

"Iko utosini," humjibu. "Papasa. Iko utosini."

Hunyamaza kidogo, kama anayepapasa.

"Haipo," inasema. "Njoo unitazamie."